Lakiri Iliyokatwa

Wako watu ambao wakikasirika hunyamaza. Mimi si mmoja wao. Nafundisha watu kuendesha magari, na kazi hii ukiifanya kwa upole mtazikwa pamoja, wewe na mwanafunzi wako. Nyumbani wananiita Honi. Natanguliza haya ili nikifika pale nilipomfokea meneja wa benki mbele ya wateja wake, asitokee mtu wa kuniambia kwamba ningeongea naye taratibu. Niliongea naye taratibu. Niliongea naye taratibu mpaka taratibu yenyewe ikaniishia.

Mama yetu alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi hadi alipostaafu. Nyumba ninayoizungumzia aliinunua kwa mkopo wa benki, peke yake, na hati ina jina lake. Baba alikuwa ameshaondoka. Simaanishi alifariki, aliondoka tu, na mama akabaki na watoto watatu, zamu zisizoisha na rehani. Kila mwezi benki ilikata chake kwenye mshahara kabla yeye hajauona. Tulivaa viatu vya kurithishana, na sebule ilikaa miaka bila makochi kwa sababu mama alisema kuta kwanza, makalio baadaye. Siku alipomaliza kulipa alirudi na sare yake ya kazi, akalala chali katikati ya ile sebule tupu, akacheka peke yake. Tulidhani amechanganyikiwa.

Sasa mama amezeeka, na mkono wake wa kulia una ugonjwa wa kutetemeka. Siku nyingine unakubali kazi, siku nyingine unagoma kabisa, na daktari alishatuambia bila kuzunguka kwamba siku za kugoma zitaongezeka. Ndiyo maana mama alitaka kuiandikisha nyumba kwa mdogo wangu mapema, kwa saini yake mwenyewe. Kidole gumba hakutaka hata kukisikia. "Nimesaini karatasi za watoto wa nusu ya mji huu walipozaliwa," alisema, "halafu ya kwangu nichovye kidole kwenye wino?"

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Aliacha kazi kwenye karakana ya sare za shule, akarudi nyumbani kumwogesha mama, kumlisha, na kumgeuza kitandani siku mbaya. Hana nyumba nyingine wala mume wa kumkimbilia. Mama akiondoka bila kuandika kitu, nyumba itakuwa yetu sote watatu, na kaka yetu, ambaye kila akiombwa mchango wa dawa hujibu "tutaangalia", ameshaanza kuulizia bei za viwanja mtaani kwetu. Huyo ataiuza kabla watu hawajamaliza kutupa pole. Mimi nina kwangu, sihitaji fungu. Nilichotaka ni mdogo wangu asije akasimamishwa barabarani na cherehani yake.

Kwa hiyo nikaenda ofisi ya ardhi kuulizia namna ya kuhamisha jina. Karani wa hati alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja, na meza yake haikuonekana kwa mafaili. Alilitafuta faili letu, akalifungua, akalisoma, akalifunga.

"Nyumba hii haihamishiki," akasema. "Ina rehani."

"Ilikuwa na rehani," nikamsahihisha. "Ililipwa ikaisha zamani."

"Hapa haijaisha."

"Mama alipewa karatasi na benki kwamba amemaliza. Ipo nyumbani, ukutani."

"Ukutani?"

"Kwenye fremu."

Karani akavua miwani akaipangusa, ingawa haikuwa na kitu. Nilimwona anabana kicheko, na namshukuru mpaka leo kwa kukibana.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ile mama alipomaliza deni, ofisa wa benki alimkabidhi hati ya kuachia rehani, akampa mkono, akamwambia, "Hongera sana, mama, sasa nyumba ni yako." Basi. Hakumwambia kwamba karatasi ile ina safari moja imebaki, kwamba inatakiwa kupelekwa ofisi ya ardhi ili rehani ifutwe kwenye kumbukumbu za kiwanja. Alimwambia hongera. Na wewe ukipewa hongera kwa maandishi unaifanya nini? Mama aliipeleka kwa fundi fremu kama watu wanavyopeleka vyeti vya kuhitimu. Ikarudi imewekwa kioo na kingo za rangi ya dhahabu, ikatundikwa sebuleni, na makochi yalipokuja hatimaye yakawekwa chini yake. Kila mgeni aliisoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Miaka yote hiyo karatasi ya kutuokoa ilikuwa inatuangalia tukinywa chai.

Siku ya pili nikaibeba ikiwa na fremu yake yote mpaka mezani kwa karani. Akasema itoe, siwezi kuingiza kioo kwenye faili. Tukaigeuza, nikang'oa vijimisumari kwa funguo za gari, nikaichomoa karatasi. Ilikuwa safi, haikuwa na doa. Ila ilikuwa imeishia njiani. Chini ilikuwa imekatwa mkasi, mkato mnyoofu wa mtu anayeijua kazi yake. Saini ya kwanza ilikuwepo nzima. Ya pili ilibaki kichwa tu. Na lakiri ya benki, ile alama kubwa ya duara inayoifanya karatasi iwe hati, ilikuwa imebaki ukingo mwembamba kama ukucha uliokatwa.

"Lakiri iko wapi?" karani akauliza.

"Fundi fremu kaikata," nikasema. Nilipojisikia nikiyatamka maneno hayo, nilitamani kulala sakafuni.

Nilirudi nyumbani nikiwa natoa moshi. Mama alikuwa amekaa kitandani, mdogo wangu anamchana nywele. Nikamwonyesha ile karatasi. Mama akaikumbuka siku yenyewe vizuri sana. "Fundi aliniuliza, mama, tupunguze hapa chini kidogo ili ikae sawa kwenye fremu? Nikamwambia punguza tu, hapo hakuna maneno."

"Hapo hakuna maneno!" nikarudia.

"Sasa kulikuwa na maneno?" mama akauliza. "Si kulikuwa na michoro?"

Mdogo wangu akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitana. Mama naye akacheka. Mimi sikucheka. Hasira zangu zilikuwa kwa yule ofisa wa benki, ambaye sijui hata kama yu hai, aliyeona mwanamke amevuja jasho nusu ya maisha yake akashindwa kumwongezea sentensi moja: ipeleke ofisi ya ardhi. Sentensi moja tu, mtu mzima na tai yake. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemshusha garini.

Karani alikuwa amenieleza cha kufanya, tena kwa ufupi. Benki iandike hati nyingine. Iwe na namba ya kiwanja, maneno kwamba mkopo umelipwa wote, saini za maofisa wawili, na lakiri. "Ukiniletea hicho," alisema, "nafuta siku hiyohiyo." Nilitoka pale nikiamini kwamba kazi imeisha. Benki yenyewe si inajua kwamba ililipwa? Ni nani anayesahau kwamba amelipwa?

Kumbe benki ya mama haikuwepo tena. Ilikuwa imemezwa na benki nyingine, kubwa, yenye vioo kuanzia juu mpaka chini na kiyoyozi cha kugandisha maiti. Nikapanga foleni ya huduma kwa wateja. Nikaelekezwa dirisha la mikopo. Dirisha la mikopo wakanirudisha huduma kwa wateja. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa barua imepelekwa makao makuu. Nikaja kuulizia, nikaambiwa haijafika. Nikaja tena, nikaambiwa imefika ila mhusika yuko likizo. Mhusika akarudi likizo, akahamishwa. Nilipigwa danadana mpaka mlinzi wa mlangoni akawa ananiuliza habari za nyumbani. Huku mkono wa mama ulikuwa unaendelea na mambo yake. Wiki moja ulikubali kushika kijiko, wiki iliyofuata ukakataa kijiko, kitana na kalamu. Kila nilipokuwa kwenye foleni ile nilikuwa nauona mkono huo, na damu ikinichemka.

Hatimaye nikafika kwa meneja. Kijana mtanashati, suti imembana, meno yote yapo. Alinisikiliza kwa adabu, akabonyeza kompyuta yake, akageuza uso wa kompyuta nione mwenyewe.

"Mama yako hana deni lolote kwetu," akasema kwa furaha, kana kwamba ndiye aliyelipa.

"Vizuri sana. Naomba uniandikie hivyo."

Furaha ikapungua. "Hapo ndipo penye tatizo. Mfumo hauoni mkopo wake. Taarifa za zamani kiasi hicho hazikuhamishwa. Sasa siwezi kuandika kwamba mkopo umelipwa wakati mfumo hauoni mkopo."

"Unaona kwamba hadaiwi."

"Ndiyo."

"Basi andika kwamba hadaiwi."

"Siwezi kuandika kuhusu kitu ambacho hakipo."

Jamani. Ofisi ya ardhi wana deni lakini hawana benki. Benki ndio wenyewe lakini hawana deni. Mama yangu yuko kitandani katikati, anadaiwa na hakuna anayemdai. Nilimwuliza yule kijana, taratibu, naomba mtu akumbuke kwamba ilikuwa taratibu, je, akija mtu kesho kutaka kuinunua nyumba ile akakuta rehani yenu, mtasema si yenu? Akasema atalifuatilia. Nikamshukuru. Nilipofika kwenye gari nilimkuta mwanafunzi wangu ananisubiri kwa somo lake, na maskini yule binti siku hiyo alijua kwamba hajui kuendesha.

Baadaye kidogo meneja alinipigia simu mwenyewe. Amepata njia. Nilikwenda mbio. Akanisogezea karatasi zilizobanwa vizuri, akanieleza huku akiichezea kalamu yake. Makao makuu wamekubali kuuingiza upya ule mkopo kwenye mfumo. Mama atasaini kwamba anakiri kudaiwa na benki hadi tarehe ya siku hiyo. Siku hiyohiyo benki itaandika kwamba umelipwa, na mfumo ukishauona unaweza kutoa hati ya kuachia rehani, yenye lakiri na kila kitu.

"Hatalipa chochote?"

"Hata senti. Ni utaratibu tu."

Nitasema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba angeniambia nitambae mpaka makao makuu ningemwuliza njia. Nikapeleka karatasi nyumbani siku ambayo mkono wa mama ulikuwa umekubali. Mdogo wangu akamweka mito mgongoni, nikamsogezea sinia la kuandikia, nikampa kalamu. Mama akasema, "Nisomee kwanza."

"Mama, ni mambo ya benki tu."

"Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika pale pa *nakiri kwamba nimekuwa nikidaiwa na benki mfululizo hadi tarehe ya leo*, mama akaweka kalamu chini. Aliiweka pole pole, kwa mkono ule ambao hatukujua utakubali tena lini.

"Sisaini."

"Mama, ni utaratibu."

"Nilimaliza deni lile wewe ukiwa hujaanza hata kuvaa sidiria. Nililimaliza kwa mgongo wangu. Leo niandike kwamba nimekuwa mdaiwa mpaka asubuhi hii? Nikifa kesho hiyo ndiyo karatasi itakayobaki. Wajukuu wangu wasome kwamba bibi yao alikaa kwenye nyumba ya watu."

Nilikuja juu. Sikuona sababu ya kuficha. Nikamwambia mama kwamba hao wajukuu hawatasoma faili la ofisi ya ardhi, kwamba mdogo wangu atatupwa nje kwa sababu ya kiburi, kwamba mkono wake haumsubiri mtu. Niliyasema yote, tena kwa sauti ambayo jirani alipunguza redio ili asikose. Mama akanitazama mpaka nikamaliza. Ndivyo alivyokuwa akiwatazama wazazi wodini wanaopiga kelele kabla ya wakati.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya. Mwulize mwenye nyumba."

Alikuwa anamaanisha mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika beseni. Ni mtu wa maneno machache, mimi nilishayachukua yote. "Dada," akasema, "mimi hiyo nyumba kwa karatasi hiyo siitaki. Nitakuwa naiangalia kila siku."

Nilitamani kuwachapa wote wawili. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari, nikapiga honi kwa nguvu bila sababu yoyote, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikarudi ndani. Mama akasema, "Nipelekeni huko benki. Leo, maadamu mkono upo."

Tukamvalisha gauni lake la kutokea na viatu vya kufunga. Kumtoa nyumbani mpaka garini ilikuwa shughuli, na kumtoa garini mpaka ndani ya vioo vile ilikuwa shughuli nyingine. Mlinzi aliniona, akaacha kuniuliza habari za nyumbani, akafungua milango yote miwili. Mama akakaa kwenye kiti mbele ya meza ya meneja, akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, ile karatasi iliyokatwa iko mapajani.

"Karibu sana, mama," meneja akasema. "Umekuja kusaini?"

"Nimekuja usaini wewe, mwanangu."

Akamweleza kwa upole, kwa sauti yake ya kuwaelekeza wanaotaka kuzaa. Alilipa. Karatasi hii hapa ni ya benki yao, saini hii ni ya mtu wao. Kilichokatwa alikikata fundi kwa ruhusa yake yeye, hakatai. Anachoomba ni waandike upya kile walichokwisha kuandika, kwa maneno ya kweli. Meneja akatabasamu, akasema anamwelewa kabisa, ila hawezi kusaini kwamba alilipa wakati ule kwa kuwa hakuwepo, na mfumo hauonyeshi.

Hapo ndipo taratibu iliponiishia.

"Hukuwepo!" nikasema, na ukumbi mzima ukageuka. "Hukuwepo akilipa, kwa hiyo huwezi kusaini kwamba alilipa. Na akidaiwa ulikuwepo? Mbona uko tayari kumsainisha kwamba anadaiwa mpaka leo? Mfumo wako hauoni deni, umenionyesha mwenyewe kwa macho yangu! Uongo una kalamu, ukweli hauna kalamu? Umemtengenezea mama yangu deni la kubandika, eti ili upate kulifuta! Huyu mwanamke alipokuwa analipa, kila mwezi mlimwona. Hakuna mwezi hata mmoja ambao mfumo ulisema hauoni mshahara wake!"

"Dada, naomba upunguze sauti, kuna wateja."

"Na mimi ni nani, mapambo?"

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mwacheni aseme." Mwanamke aliyebeba mtoto akamwuliza mwenzake kama mkopo wa baba yake nao ulifutwa ofisi ya ardhi au uliishia kabatini. Huyo aliyeulizwa akamwuliza mwingine. Foleni ikaanza kunong'ona, na nilimwona meneja anaisikia ile minong'ono kuliko alivyonisikia mimi.

Akarudi kwenye ngome yake ya mwisho. "Hata nikitaka, fomu ya kuachia rehani inatoka kwenye mfumo. Sina fomu nyingine."

Nikampigia simu karani wa hati, nikamweka kwenye spika, nikamwomba arudie alichoniambia. Sauti yake ikatoka pale mezani, kavu na yenye haraka: "Sihitaji fomu yao. Nilishasema. Namba ya kiwanja, mkopo umelipwa wote, saini za maofisa wawili, lakiri. Waandike hata kwa mkono. Na mwambie meneja nina watu dirishani." Akakata.

Meneja akaitazama ile simu. Akapangusa shingo. Nilijua anachoogopa. Haogopi sheria, anaogopa jina lake peke yake chini ya karatasi ambayo kompyuta haikuitoa. Kwenye dirisha la pembeni alikuwepo mkuu wa makeshia, mwanamke mwenye umri wa kukaribia kustaafu, ambaye muda wote huo alikuwa amekaa na noti mkononi bila kuzihesabu. Akaziweka chini. Akaja mpaka mezani, akaichukua ile karatasi mapajani mwa mama kwa mikono miwili, akaitazama ile saini iliyobaki nzima.

"Huyu namjua," akasema. "Nilianzia kazi chini yake. Huyu alikuwa hasaini kitu bila kukisoma mara mbili." Akamgeukia meneja. "Andika, bosi. Saini ya pili nitaweka mimi."

Meneja akachukua karatasi yenye nembo ya benki, akaandika kwa mkono, na mama alikuwa anamtajia. Aliandika namba ya kiwanja na kwamba mkopo ulilipwa wote, akaandika mwaka ule wenyewe kama unavyosomeka kwenye karatasi iliyokatwa, na kwamba benki haina dai. Alipotaka kumalizia kwa "tunaomba radhi kwa usumbufu", mama alimwambia hilo asiandike, halitakiwi ofisi ya ardhi. Wakasaini wote wawili, na lakiri ikaletwa kutoka kwenye kabati la chuma. Meneja akaigandamiza mwenyewe, na nilimwambia aache nafasi ya kutosha chini. Mkuu wa makeshia ndiye pekee aliyecheka.

Pale tukamshukuru nani? Sikumshukuru mtu, isipokuwa yule mkuu wa makeshia, ambaye nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Tukamrudisha mama garini na kwenda moja kwa moja ofisi ya ardhi.

Karani aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Akafungua faili, akapiga mstari kwa rula juu ya rehani yetu, akagonga muhuri, akasaini pembeni. Akaandika kwenye hati ya nyumba, ambayo tulikuja nayo, kwamba haina mzigo wowote, akaigeuza ili mama aione. Mama akaisoma kwa muda mrefu, midomo yake ikicheza. Nikatoa fomu ya kuhamisha jina, ambayo nilikuwa nimeijaza tangu siku ya kwanza na kutembea nayo ndani ya gari. Mdogo wangu akakaa. Nikaweka kalamu mbele ya mama. Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya meza, haujatulia hivyo kwa mwezi mzima.

Mama akaisukuma kalamu pembeni.

"Leo hapana," akasema.

"Mama?"

"Nimesema leo hapana. Twendeni nyumbani."

Nini sikumwambia! Nilimwambia mkono, nikamwambia daktari, nikamwambia petroli. Nilimkumbusha kaka na bei za viwanja. Karani akajifanya anatafuta faili chini ya meza. Mama akaikunja ile hati, akaiweka ndani ya gauni, upande wa moyo, akanyoosha mikono ainuliwe. Mdogo wangu akamwinua. Njia nzima sikuongea, na wanaonijua wanajua maana yake. Nyumbani mama alikataa kitanda. Alitaka kiti chake kiwekwe nje mlangoni, akakaa pale mpaka jua likazama, akiwaitikia wapita njia salamu moja moja, hati iko kifuani.

Asubuhi akasema yuko tayari. Nikaja na gari. Mkono ulikuwa umegoma. Haukuwa hata ukitetemeka, ulikuwa umelala tu pembeni yake kama si wake. Tulikwenda hivyohivyo. Karani akaiweka fomu mezani, akamwangalia mama, akaangalia mkono, kisha akasogeza kidau cha wino. Mdogo wangu alikishika kidole gumba cha mama, akakichovya, akakigandamiza pale penye mstari wa saini. Nyumba ikawa yake. Mdogo wangu alikuwa analia, na mimi nilikuwa naona giza kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nakijua kile kidole kilivyomgharimu.

Garini, mdogo wangu akimfuta wino kwa kitambaa, nikashindwa kuvumilia.

"Jana mkono ulikuwepo, mama. Ulikuwepo! Ungesaini kwa heshima zako zote. Kwa nini hukusaini jana?"

Mama alikuwa anaangalia nje dirishani.

"Jana nilikuwa na shughuli."

"Shughuli gani? Ulikaa mlangoni kutwa nzima!"

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa na nyumba."